Sakafu ya zege inayong'aa: mambo ya kumaliza kabla mashine haijawashwa

Malalamiko yanayohusu sakafu za zege zilizosagwa na kung'arishwa yameongezeka mezani kwetu sisi wakaguzi, na mengi yanafika yakiwa yamechelewa. Duka limeshafunguliwa, ghala limeshajaa mizigo, foklifti zinapita, ndipo mwenye jengo anatuandikia kwamba sakafu "imeishiwa polishi", inatoa vumbi, au wateja wanateleza. Wengine si wenye majengo. Ni wapangaji wa ghorofa ya juu waliovuta vumbi la mashine iliyokuwa ikisaga chini yao. Hatudhani kuna mtu aliyekusudia madhara. Tatizo ni kuwa makubaliano yanaandikwa juu ya mng'ao peke yake, na kazi inayouleta inaachwa fundi aiamue.

Hili la kwanza tumelisema mpaka tumechoka kulisema: sakafu hii haipakwi nta. Si niru, wala si epoksi. Uso wa zege lenyewe unasagwa kwa vichwa vya almasi, kuanzia vya kukwaruza, namba 30 au 40, hadi vya 400, 800 na wakati mwingine 3000 (namba ikipanda, usagaji unakuwa laini zaidi). Katikati ya hatua hizo inamwagwa dawa ya kuimarisha yenye silikati ya lithiamu, sodiamu au potasiamu. Dawa hiyo inaungana na kalsiamu haidroksaidi iliyobaki ndani ya zege na kutengeneza kiungo cha aina ileile inayolipa zege nguvu. Ukipakiwa kimiminika kinachong'aa juu ya zege ambalo halijasagwa, umeuziwa kitu kingine. Kitachubuka kwanza kwenye njia za magurudumu, na barua yako kwetu haitakirudisha.

Almasi haziponyi zege bovu. Fundi aliyenyunyiza maji juu ya zege bichi ili helikopta, yaani mashine ya kulainisha uso wa zege, ipite kwa urahisi amedhoofisha tabaka lilelile litakalobeba mng'ao. Zege lililoachwa likauke bila kumwagiliwa vizuri nalo litatoa unga hata likisagwa mara ngapi. Ndiyo maana mkaguzi huuliza tarehe ya kumwaga zege kabla ya kuuliza jina la mkandarasi. Siku 28 ndizo zinazozoeleka kwa zege kukomaa, na anayetaka kuanza mapema awe na maelezo ya mhandisi mkononi. Nyufa pia zitaonekana zaidi baada ya kung'arisha kuliko kabla. Mikato ya maungio, ambayo kwa kawaida hushuka robo ya unene wa zege, ijazwe kwa kijazio kigumu cha kutosha kushikilia kingo. Ukijaza silikoni laini ghalani, magurudumu magumu ya foklifti yatamega kingo za zege. Tunauona uharibifu huu kila mara, na kila mara tunaambiwa kosa ni la dawa.

Sasa vumbi. Zege lina mchanga na kokoto, na humo mna silika fuwele. Ukisaga zege kavu, unatoa chembe ndogo kiasi kwamba macho hayazioni na pua haizizuii; zinakwenda moja kwa moja hadi kwenye vifuko vya mapafu. Huko zinaacha makovu, na ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba ya kuyaondoa. Unamweka pia mgonjwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi hili mwaka 1997 katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Marekani, kwa kanuni ya mwaka 2016, iliweka kikomo cha mikrogramu 50 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa zamu ya saa 8. Kiasi hicho hukioni kwa macho. Kwa hiyo msimamizi anayetuambia "hapa hakuna vumbi, angalia mwenyewe" hatusaidii kitu.

Tunachotaka kukiona ni mashine ya kusagia iliyofunikwa sketi hadi chini, ikiwa imeunganishwa na mashine ya kufyonza yenye nguvu inayolingana nayo na inayojisafisha chujio. Jaribio letu la kwanza halihitaji kipimo: mkaguzi anapitisha kidole juu ya boriti au kisanduku cha umeme kilicho mita chache kutoka kwenye mashine. Kidole kikirudi cheupe, tunafungua mfuko wa kufyonzea na kuangalia chujio. Mara nyingi limepasuka, au limetolewa kabisa kwa sababu "lilikuwa linaziba". Vumbi lililobaki sakafuni lifyonzwe kwa mashine yenye chujio la HEPA, lile linalonasa chembe ndogo sana, kati ya mzunguko na mzunguko. Ufagio mkavu hapana. Kupuliza kwa kompresa hapana kabisa. Kitambaa kilichofungwa puani si kinga, hata kikilowekwa maji.

Kusaga kwa maji kunapunguza vumbi, ila kunaleta tope lenye alkali kali. Linaunguza ngozi, na likimwagwa kwenye mfereji linaganda humo. Likusanywe, liachwe likauke, litupwe kama taka ya ujenzi. Mashine zinazotumia gesi zisiwashwe ndani ya jengo lililofungwa, maana moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Jengo la zamani lina jambo lake pia: vigae vya vinaili na gundi nyeusi chini yake vinaweza kuwa na asbesto. Sampuli ipimwe maabara kwanza. Hapo hatujadiliani.

Kuhusu utaratibu, kwa kuwa maswali ni mengi. Kabla ya kazi tunatarajia taarifa ya maandishi yenye eneo la kazi, njia itakayotumika (kavu au maji), aina ya mashine na chujio, saa za kazi, na jinsi sehemu zenye watu zitakavyotengwa. Taarifa hiyo si ombi la kibali cha ujenzi, na kibali cha ujenzi hakichukui nafasi yake. Ni karatasi mbili tofauti. Mkaguzi akifika na kukuta upungufu usio wa hatari ya papo hapo, anatoa maelekezo ya maandishi yenye muda wa kurekebisha. Muda ukipita bila marekebisho, inafuata notisi rasmi. Akikuta wafanyakazi wamo ndani ya vumbi bila udhibiti, haanzi na maelekezo. Anasimamisha kazi palepale. Notisi ya kusimamisha kazi inahusu eneo lililotajwa ndani yake tu, na haiondolewi kwa simu wala kwa picha zinazotumwa usiku. Inaondolewa kwa ukaguzi wa pili na saini. Kuendelea na kazi chini ya notisi ni kosa jingine linalojitegemea, na hata likiwa dogo lile la kwanza, hili linaweza kukufikisha mahakamani. Kiwango cha adhabu kinawekwa na sheria, hakipangwi na mkaguzi, hivyo tafadhali msimuombe "apunguze". Na tunaongeza, kwa sababu kila wiki tunaulizwa: mwenye jengo hajivui wajibu kwa kusema amemkabidhi mkandarasi kila kitu.

Kuteleza ni suala ambalo watu wanalikuza mahali pasipo na tatizo na kulipuuza mahali lilipo. Sakafu kung'aa hakuifanyi iteleze. Ikiwa kavu na safi, zege lililong'arishwa vizuri linashika kiatu barabara. Hatari inakuja na maji, mafuta, vumbi laini, na ile nta ambayo mtu wa usafi anaiongeza ili sakafu "irudishe uso". Kupima kwa macho hakutoshi. Kwa kipimo cha pendulumu kinachotumika Uingereza, ambapo mkono wenye mpira unabembea na kusugua sakafu, thamani ya 36 na kuendelea kwenye sakafu iliyolowa huhesabiwa hatari ndogo, na chini ya 25 ni hatari kubwa. Mlangoni mvua inapoingia na watu, jikoni, na karibu na mashine zinazovuja mafuta, usisage hadi namba za juu. Ishia chini, au chagua sakafu nyingine. Kwa maoni yangu, jiko la biashara halifai sakafu hii hata kidogo, ingawa hakuna kanuni inayonipa nguvu ya kukukataza.

Usafi ni mfupi: sabuni isiyo na asidi, maji safi, kitambaa laini cha mashine. Tone la siki au limau likikaa, linaacha baka lililofifia ambalo halifutiki, kwa kuwa asidi imekula uso wenyewe. Mafuta yafutwe mara moja. Dawa ya kuimarisha haizibi zege lisinywe, na dawa ya kinga juu yake inaongeza muda wa kufuta tu.

Ukileta lalamiko, ambatisha tarehe ya kumwaga zege, maelezo ya mchanganyiko, jina la dawa zilizotumika, namba ya mwisho ya almasi iliyopitishwa, na picha ya sakafu ikiwa imelowa na ikiwa kavu. Picha ya mng'ao peke yake, iliyopigwa siku ya makabidhiano, tunazo za kutosha.