"Transista Imeungua" na Dhana Nyingine Potofu Kuhusu Pedali ya Fazi Isiyotoa Sauti

Karibu kila anayeleta pedali ya fazi (kifaa cha kukanyaga kinachokwaruza sauti ya gitaa la umeme) aliyoiunda mwenyewe huja na hukumu mkononi: "Fundi, transista imeungua." Ukimuuliza amepima nini, hajapima kitu. Amelehemu, amefunga boksi, amechomeka gitaa, amekanyaga swichi, kimya. Basi mshitakiwa ni transista, kile kipande cha miguu mitatu kinachokuza sauti. Wengine huja wameshaing'oa wakaweka nyingine, kisha nyingine tena, hadi njia za shaba kwenye bodi zimebanduka. Hapo nina kazi mbili: kosa la mwanzo, ambalo bado halijulikani, na hilo la pili lililoletwa na papara.

Dhana: joto la kulehemu limeua transista

Transista ya silikoni haifi kirahisi hivyo. Watengenezaji wengi huruhusu miguu yake ipate joto la takriban 260°C kwa sekunde 10, na mtu mwenye mkono wa kawaida hamalizi hata sekunde 4 kwenye mguu mmoja. Za jemani (germanium, malighafi ya transista za zamani) ni dhaifu zaidi, nakubali. Hizo zichomeke kwenye soketi, usizilehemu moja kwa moja.

Kama bado unaishuku, itoe kwenye bodi uipime kwa mita iliyowekwa kwenye alama ya dayodi. Miguu yake mitatu huitwa besi, emita na kolekta. Kwa silikoni, kati ya besi na emita utasoma kama volti 0.6 hadi 0.7, na kati ya besi na kolekta vivyo hivyo. Kati ya kolekta na emita usisome kitu, upande wowote. Usiipime ikiwa bado imelehemiwa, maana rezista zinazoizunguka zitakudanganya.

Ninachokikuta mara nyingi ni transista nzima kabisa iliyowekwa kinyume. Geuza uso bapa ukuelekee, miguu chini: BC547 kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. 2N3904 ni emita, besi, kolekta. Zinafanana kama mapacha, na mchoro uliokusudiwa moja ukiwekewa nyingine bila kugeuzwa, fazi hunyong'onyea au hunyamaza. Soma karatasi ya kifaa chenyewe kabla ya kulehemu. Usiamini picha uliyotumiwa na rafiki.

Kisha pima volti, betri ikiwa imeunganishwa. Tuchukue saketi ya transista mbili ya aina ya Fuzz Face, ile iliyotoka London mwaka 1966, katika toleo lake la silikoni ya NPN (aina ambayo kolekta yake hupewa umeme chanya). Mita yako ishike ethi (sehemu ya pamoja ya saketi, hapa upande hasi wa betri) kwa waya mweusi. Besi ya transista ya kwanza iwe karibu na 0.6. Kolekta yake iwe juu kidogo ya volti 1, na kolekta ya pili karibu na 4.5, yaani nusu ya betri. Ukikuta kolekta ya pili ina volti 9 kamili, transista hiyo haipitishi umeme: tafuta mguu uliokosewa au njia iliyokatika. Ukikuta sifuri kila mahali, umeme haujafika kwenye bodi, na hapo transista umeionea bure.

Volti zikiwa sawa na sauti bado haipo, acha mita. Tengeneza waya wa kusikilizia, na hili nitalirudia hadi nichoke: chukua kapasita ya 100nF, lehemu mguu mmoja kwenye waya unaokwenda kwenye ncha ya plagi ya amplifaya, na mguu wa pili uwe wa kugusia. Ethi ya plagi hiyo iungane na ethi ya pedali. Kapasita inazuia volti za betri zisiingie kwenye amplifaya, sauti inapita. Chezesha muziki kutoka kwenye simu uingie kwenye pedali, punguza amplifaya, kisha gusa kuanzia jeki ya kuingilia, hatua kwa hatua, kuelekea jeki ya kutokea. Pale sauti inapopotea, kosa liko kati ya hapo na ulipogusa mwisho.

Angalizo moja tu. Kwenye besi ya transista ya kwanza sauti itakuwa ndogo sana, na watu hurukia kusema imepotea. Haijapotea. Saketi hii inaivuta chini pale kwa tabia yake yenyewe. Sogea kwenye kolekta ndipo uamue.

Dhana: taa inawaka, kwa hiyo umeme upo

Upo kwenye taa. Swichi ya miguu 9 ni swichi tatu ndani ya moja, na taa ina safu yake. Inaweza kung'aa vizuri huku bodi haijapata hata volti moja, au huku waya wa sauti umelehemiwa kwenye mguu wa jirani. Swichi hiyo pia ukiifunga ikiwa imezungushwa robo mzunguko, kila kitu kinakuwa kosa ingawa kwa macho inafanana. Pima kwa mlio wa mita ujue safu ya katikati ni ipi.

Dhana: hata ikizimwa haitoi sauti, kwa hiyo bodi imekufa

Kinyume chake. Kwenye swichi iliyounganishwa ili sauti ipite kando pedali ikizimwa, bodi haihusiki kabisa. Kama hapo pia ni kimya, ondoa macho kwenye bodi. Kosa liko kwenye jeki, swichi au waya kati yake, na kwa kawaida ni ncha na ethi zilizobadilishana kwenye jeki, hivyo gitaa linapigwa shoti moja kwa moja. Na kama jeki ya kuingilia ni ya stirio, betri huwashwa na plagi ya gitaa ikigusa mguu wa tatu. Kupima volti bila kuchomeka plagi ni kupoteza muda.

Dhana: adapta yoyote ya volti 9 inatosha

Pedali ya transista za PNP (kinyume cha NPN) kwa kawaida huwa na ethi upande wa chanya. Ukiiweka kwenye adapta moja na pedali za kawaida, unapiga shoti adapta hiyo. Itumie betri yake, basi.

Dhana: nimefungua volumu mpaka mwisho

Mwisho upi? Miguu ya pembeni ya potensiomita ikibadilishana, mwisho wako ndio sifuri. Izungushe pande zote mbili kabla ya kunipigia simu.

Dhana: ilifanya kazi mezani, kwa hiyo kilichoharibika ni kitu ndani ya bodi

Boksi ni la chuma, na migongo ya potensiomita nayo ni chuma. Lehemu iliyochomoza chini ya bodi ikigusa hapo, sauti inakwenda ethi. Kata miguu iliyobaki mirefu, weka kipande cha karatasi ngumu kati ya bodi na potensiomita, ndipo ufunge skrubu.