Chembe nyeupe ndani ya Parmigiano Reggiano si ukungu

Ujumbe unaozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp unadai kuwa chembe nyeupe ndani ya Parmigiano Reggiano, jibini gumu la Italia, ni ukungu au plastiki. Si kweli. Jibini hili hukomazwa miezi isiyopungua 12, mara nyingi 24 au zaidi. Protini za maziwa huvunjika polepole na kutoa tairosini (mojawapo ya asidi amino, yaani vijenzi vya protini), ambayo haiyeyuki kirahisi, hivyo hujikusanya kuwa fuwele. Wanunuzi wazoefu huzitafuta hasa.

Kata kipande uhakikishe: fuwele zimo ndani, ngumu, husagika menoni. Ukungu kwa kawaida huota juu, laini kama manyoya, na hunuka uvundo. Watu huchanganyikiwa kwa sababu ya weupe tu. Tafadhali msiusambaze ujumbe huo. Muuzaji mwenye jibini zima la umbo la gurudumu, kilo 40 hivi, huumia bure.