Kabureta, nozeli na ulaji wa mafuta kwenye magari ya spoti ya zamani

Ukinunua Triumph au Datsun ya miaka ya 1970, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: "Linakula mafuta?" Na ushauri utakaofuata unajulikana: toa kabureta, funga EFI, yaani nozeli zinazorusha mafuta kwa amri ya umeme, utapumua. Ushauri huo una ukweli, ila umeruka hatua moja ya katikati. Hatua hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini baadhi ya magari ya zamani yenye nozeli hayana nafuu yoyote ya mafuta.

Tuanze na kazi yenyewe. Petroli haiwaki bila hewa, na hewa inatakiwa kwa kipimo. Kilo 1 ya petroli inahitaji kilo 14.7 hivi za hewa ili iungue yote. Ikipata hewa kilo 12.5 au 13 tu, yaani mafuta yakizidi kidogo, injini inatoa nguvu zake zote. Ikipata 15 au 16, gari linabana mafuta barabara inaponyooka, lakini ukizidi kupunguza mafuta injini inaanza kukosa na kukohoa. Piga hesabu ya harakaharaka: gari linalotembelea 13 mahali pa 14.7 linachoma petroli zaidi kwa asilimia 13 katika hewa ileile. Lililokuwa linakwenda kilomita 10 kwa lita linashuka chini ya 9, na dereva hajabadilisha hata mguu wake.

Kwa hiyo swali la ulaji ni swali la upimaji: nani anapima mafuta, na anatazama nini anapopima?

Kabureta inapima kwa mvuto. Koo lake limebanwa katikati. Hewa ikipita penye wembamba inakimbia, mgandamizo unashuka, na petroli inavutwa kupitia jeti, yaani kitundu cha kupimia mafuta, kutoka kwenye bakuli lenye boya. Kwenye SU, kabureta ya MGB na ya Jaguar E-Type, jambo hili unaliona kwa macho. Kuna pistoni inayopanda na kushuka kwa kufuata hewa, na chini yake inaning'inia sindano iliyochongwa ikawa nyembamba kuelekea nchani, imezama ndani ya jeti. Hewa ikiongezeka, pistoni inapanda, sindano inachomoka kidogo, tundu linapanuka. Ni kazi nzuri sana ya akili ya binadamu, bila waya hata mmoja. Lakini sindano hiyo na jeti yake vikisuguana kwa miaka, tundu linakuwa kubwa kwa kiasi ambacho jicho halikioni, na gari linaanza kula mafuta polepole mpaka mwenyewe analizoea.

Weber DCOE, ile ya midomo miwili iliyopendwa sana na Waitaliano, ina jeti zenye matundu yasiyobadilika na pampu ndogo inayorusha mafuta kila unapokanyaga ghafla. Kwenye foleni ya mjini, kanyaga achia, kanyaga achia, pampu hiyo inamwaga petroli nyingi bila sababu.

Kabureta haina namna ya kujua uzito wa hewa inayopita. Hewa ya Nairobi, juu ya mita 1,600, ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hivi. Gari lililorekebishwa Pwani likapanda huko juu linakuwa limezidi mafuta, plagi zinapiga weusi. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973 ikiwa na kabureta, kwenye mashindano yaliyopita joto la nyanda za chini na baridi ya nyanda za juu. Mafundi wake walistahili sehemu ya kombe.

Tatizo jingine ni mgawanyo. Petroli inayotoka kwenye kabureta moja inasafiri kwenye mabomba hadi kila silinda, nyingine inalowanisha kuta njiani. Silinda za mbali zinapata pungufu. Fundi hana budi kuongeza mafuta kwa zote ili ile yenye njaa isiungue. Halafu kuna mteremko: ukiachia mafuta huku gia imeingia, kabureta inaendelea kuvuta petroli kupitia njia ya sailensa, yaani ile inayolisha injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, wakati mfumo wa kisasa wa nozeli unafunga kabisa.

Sasa, nozeli za mwanzo. Mercedes-Benz 300 SL ya 1954 ilikuwa na pampu ya Bosch iliyorusha mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Lengo lilikuwa mbio na nguvu. Ulipozima swichi, pampu iliendelea kurusha mpaka injini isimame, na petroli isiyoungua ikashuka kwenye oili. Triumph TR5 ya 1967 ilifuata lengo hilohilo: nozeli za Lucas, nguvu za farasi 150. Ndugu yake TR250, iliyopelekwa Marekani ikiwa na injini ya ukubwa uleule wa lita 2.5, ilipewa kabureta mbili za Stromberg na kemshafti (shafti inayofungua vali) ya upole zaidi, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa rahisi kutimiza sheria za moshi. Alfa Romeo walifanya kinyume: Marekani walipeleka Spider yenye nozeli za Spica, Ulaya wakabaki na kabureta.

Pampu hizo za gia na kemu hazikupima hewa. Zilikisia, kwa mzunguko wa injini na jinsi kanyagio lilivyofunguka, au kwa mvuto wa ndani ya injini. Kemu ikilika au kiungo kikilegea, makisio yanaharibika kama sindano ya SU inavyoharibika, na kuyarekebisha ni kazi ngumu zaidi.

Mabadiliko ya kweli yalikuja vifaa vilipoanza kupima. D-Jetronic ya Bosch, mwaka 1967, ilitumia umeme na kusoma mgandamizo wa hewa. L-Jetronic na K-Jetronic za miaka ya 1970 zilipima hewa yenyewe kwa kibao kinachosukumwa nayo. Datsun, ambao kabureta zao za soko la Marekani za 1973 na 1974 zilikuwa zimebanwa kwa ajili ya moshi hadi wenye magari wakazing'oa na kurudisha za 1972, waliingiza mfumo wa aina hii kwenye 280Z ya 1975. Kisha mwaka 1976 Volvo ikatoa gari lenye sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi. Hapo ndipo injini ilipoanza kukagua kazi yake na kujirekebisha yenyewe, tena na tena, ukiwa barabarani.

Hivyo ukitaka kufunga EFI kwenye gari lako la zamani, hakikisha ina sensa ya oksijeni, na inafunga mafuta kwenye mteremko. Bila hivyo umenunua nozeli tu.

Na kabla ya kutoa pesa hizo, jaza tangi mpaka juu, andika kilomita, tembea wiki nzima, jaza tena, gawanya. Kisha fungua plagi zote. Mimi huzipanga juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda. Rangi ya kahawia hafifu, kama chai ya maziwa, mchanganyiko uko sawa. Masizi makavu meusi kwenye zote, kabureta imezidi mafuta, na mara nyingi dawa yake ni sindano na jeti mpya. Plagi moja nyeupe kati ya sita, kagua gasketi upande huo, kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma.