Kushuka Samaria si mteremko

Wiki hii nimeulizwa tena: “Dada, si tunashuka tu?” Aliyeuliza amepanga nyumba ya likizo Apokoronas, kwenye kisiwa cha Krete huko Ugiriki, katikati ya mizeituni, na alikuwa anataka kuwapeleka wazazi wake korongo la Samaria wakiwa na kandambili.

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni wa nyumba hizo za mashambani, magharibi ya Krete, na swali hili limenichosha. Nusu ya lawama naitupia lugha yetu: jambo rahisi tunaliita mteremko. Lakini lugha hiyohiyo inasema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, na waliotunga maneno hayo walikuwa na magoti.

Njia inaanzia Xyloskalo, kwenye uwanda wa Omalos, kama mita 1,230 juu ya bahari. Inaishia Agia Roumeli, ufukweni. Kilomita 16: 13 ndani ya hifadhi, kisha 3 hivi za jua tupu baada ya geti. Saa tano hadi saba za kutembea. Maji ya chemchemi yapo njiani.

Sasa mapaja. Ukipanda, misuli ya mbele ya paja hujikunja na kukusukuma juu. Pumzi inakata, unajua umechoka, unakaa. Ukishuka, misuli hiyohiyo inakuwa breki. Inakaza huku inavutwa irefuke, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayochana nyuzi zake. Mapafu hayakuambii kitu. Unacheka, unapiga picha, unaongeza mwendo, na deni linaandikwa. Utadaiwa kesho yake na keshokutwa, utakaposhuka ngazi za bwawa la kuogelea kinyumenyume. Mgeni mmoja alinijibu kwamba yeye amefika kilele cha Kilimanjaro. Hongera sana. Basi akumbuke magoti yake yalivyokuwa kwenye njia ya Mweka, siku ya kurudi.

Tena mshuko mkali kuliko yote uko mwanzoni kabisa, miguu ikiwa bado mizima. Chini njia inalala, na hapo watu hujiachia. Lakini unakanyaga mawe ya mto yaliyolainishwa na maji, na goti linalotetemeka haliwezi kukuweka sawa jiwe likigeuka. Wengi niliowaona wakiteguka kifundo walikuwa wameshapita pale pagumu.

Kuhusu fimbo za kutembelea, mawazo yangu hubadilika kila msimu. Zinapunguza mzigo wa magoti, hilo sibishi. Ila kwenye mawe makubwa nimeona mtu anaiegemea fimbo badala ya kutazama anapokanyaga. Siku hizi nampa fimbo aliyewahi kuzitumia, basi.

Gari haliingii. Samaria ni hifadhi tangu 1962. Wanakijiji walihamishwa na kijiji chao kimebaki mahame. Aliyeumia hutolewa kwa nyumbu wa kubeba mizigo, siyo wale wa Serengeti. Agia Roumeli nako hakuna barabara: unapanda boti hadi Sougia au Chora Sfakion. Kwa hiyo ukiegesha gari lako Xyloskalo, jioni wewe uko baharini, gari liko mlimani. Chukua basi la asubuhi kutoka mji wa Chania.

Kwa wazazi kuna njia mbili ninazozipenda. Korongo la Imbros ni kama kilomita 8 na mshuko wake ni mpole. Au mfike Agia Roumeli kwa boti, muingie Samaria kwa chini, mpande kilomita chache hadi Portes, pale kuta zinapokaribiana mita chache tu huku zikienda juu kama mita 300. Mnageuza, mnakula samaki, mnasubiri boti.

Yule mgeni amechagua hiyo ya pili. Baba yake ameuliza kama mbuzi mwitu, kri-kri, wanaonekana huko. Mimi huwaona zaidi juu, karibu na mahame, lakini macho yawe kwenye majabali. Na viatu viwe vya kufunga kamba, mzee wangu, hata kwa hizo kilomita chache.