Kupanga wafanyakazi kwa madaraja: maana yake na kwa nini kunaumiza timu

Mwisho wa mwaka, katika ofisi nyingi za Dar es Salaam, meneja hukaa na ofisa rasilimali watu kupitia fomu za tathmini. Kwa kawaida wanaangalia mtu alipewa malengo gani na ameyafikia kwa kiasi gani. Kupanga kwa madaraja ni jambo tofauti: wafanyakazi wanashindanishwa wao kwa wao, na asilimia ya watakaokuwa juu, kati na chini imeshaamuliwa kabla fomu hazijafunguliwa.

Jack Welch, aliyeiongoza General Electric ya Marekani kuanzia 1981 hadi 2001, ndiye aliyeupa umaarufu mgawanyo wa asilimia 20, 70 na 10. Wale 20 wa juu wanatunzwa vizuri, 10 wa chini wanaonyeshwa mlango. Kampuni kubwa za teknolojia nazo ziliufuata mtindo huu. Microsoft iliutumia kwa miaka mingi, ikauacha Novemba 2013.

Chukulia timu ya watu kumi pale Kijitonyama, wanaotengeneza mfumo wa malipo kwa simu. Kazi wamemaliza kwa wakati, na mfumo haukukwama hata mwisho wa mwezi mishahara inapotoka. Pamoja na hayo, mmoja lazima awe wa mwisho. Meneja anaanza kuokoteza: huyu hasemi kikaoni, yule alichelewa kujibu barua pepe. Wanatimu wakishaujua utaratibu huo, nani atabaki ofisini hadi saa mbili usiku kumsaidia mfanyakazi mgeni kutafuta kosa kwenye programu, wakati kushindwa kwa mgeni ndiko kutamwokoa yeye? Hata hodari hukwepa kuwekwa timu moja na hodari wenzake. Kwangu hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote, maana programu nzuri haiandikwi na mtu mmoja.

Watetezi wake husema bila mgawanyo huo mameneja huona haya na kumpa kila mtu "vizuri sana". Hilo lipo kweli, tena sana. Lakini linatibika kwa malengo yanayopimika na kuzungumza na mtu mapema, kabla mwaka haujaisha.

Kwa Tanzania, kuwa wa mwisho kwenye orodha hakutoshi kumwachisha mtu kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Akidai utendaji mbovu, kanuni za 2007 zinaangalia kama mfanyakazi alikijua kiwango alichotakiwa kufikia, na kama alipewa nafasi ya kutosha kujirekebisha. Ulinzi huu haumhusu aliye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Wengine wakiona wameachishwa isivyo haki, wana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA.