Kabla ya kuiamini barua ya kibarua wa Kipolandi, tafuta kadi yake

Barua ambazo vibarua wa Kipolandi waliwaandikia wenye mashamba wa Kijerumani kati ya 1914 na 1918 humpotosha msomaji kwa unyenyekevu wake. Zinaanza na sifa kwa Yesu Kristo, zinauliza hali ya bwana na bibi, na ombi lenyewe linajitokeza mwishoni kabisa. Salamu hizo zilikuwa adabu ya kawaida ya barua za vijijini, kwa hiyo zisikufanye uamue kwamba mwandishi alimpenda mwajiri wake.

Mimi huanza na uraia. Polandi haikuwepo kwenye ramani wakati huo, maana Urusi, Prussia (dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani) na Austria zilikuwa zimeigawana. Kibarua kutoka Galicia, sehemu ya Polandi iliyochukuliwa na Austria, alikuwa raia wa Austria, mshirika wa Ujerumani, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza jeshi la kwao lilimhitaji. Mwenzake wa upande wa Urusi aliamka akiwa raia wa adui. Kabla ya vita Prussia ilimlazimisha kurudi kwao kila majira ya baridi, kwa kawaida kuanzia 20 Desemba hadi 1 Februari, asije akalowea. Mwaka 1914 amri ikapinduliwa: haruhusiwi kuondoka nchini, wala kuhama shamba bila idhini.

Hapo ndipo tarehe inapokuwa na uzito. Barua ya majira ya baridi kabla ya vita mara nyingi huulizia kazi ya msimu ujao. Barua ya wakati wa vita inazua swali: mtu anayelala kwenye banda la mwajiri anamwandikia barua ya nini? Mara nyingi kwa sababu hayupo hapo. Huenda ametoroka, au yuko likizo. Likizo zilianza kulegezwa mwishoni mwa 1916. Basi tazama bahasha na muhuri wa posta kwanza. Barua iliyotoka eneo lililokaliwa na Wajerumani ilipitia kwa wakaguzi wa kijeshi, kwa hiyo ukimya wake kuhusu njaa au vita si ushahidi wa chochote.

Akiomba "karatasi" zake, huenda anamaanisha kadi ya utambulisho iliyoanza kudaiwa Prussia mwaka 1908. Kadi ya Mpolandi ilikuwa nyekundu na iliandikwa jina la mwajiri. Bila mwajiri huyo kumwachia kwa maandishi, hakuweza kuajiriwa kihalali kwingine. Akidai pesa, angalia daftari la mishahara kama kuna dhamana: sehemu ya ujira iliyokatwa mwanzoni mwa msimu na kushikiliwa hadi mkataba uishe. Aliyeondoka mapema aliipoteza. Unyenyekevu wa barua nyingi umefungwa kwenye vitu hivi viwili.

Majina ndiyo yanayopoteza watafiti wengi. Karani Mjerumani alimwandika Wojciech kuwa Adalbert au Albert, Jadwiga akawa Hedwig, Wawrzyniec akawa Lorenz. Mwanamke aitwaye Kowalska hupatikana chini ya Kowalski, na herufi ya Kipolandi ł hugeuka l. Tafuta kwa kijiji na mwaka wa kuzaliwa kabla ya kusema hayupo. Usiamini mwandiko pia: msimamizi wa kikundi, au yeyote kijijini aliyejua kalamu, aliwaandikia wengine, kwa hiyo barua tatu zenye mkono mmoja zinaweza kuwa za watu watatu. Hati rasmi za upande wa Urusi huwa na tarehe mbili, ya kalenda ya zamani ya Urusi na ya kalenda tunayotumia sisi, zinazopishana kwa siku 13. Viazi vikitajwa kwa sentena, moja ni kilo 50. Mogeni moja ya Prussia, kipimo cha vibarua wa viazisukari, ni karibu robo hekta.

(Wapolandi wa Tengeru, karibu na Arusha, ni habari nyingine: wale ni wakimbizi waliopelekwa kwa nguvu Urusi ya Kisovieti katika Vita vya Pili vya Dunia kabla ya kufika Afrika, na kumbukumbu zao usizitafute kwenye majalada ya vibarua hawa.)