Kivuko cha Kisorya kikisimama, Bunda itajuaje?

Mei 12, 2024, mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima, hata huku Mwanza tulio mbali na bahari. Wengi waliuliza: kwani hakuna njia nyingine? Zilikuwepo, ila nyembamba kwa mzigo wote ule. Tena kabla mzigo haujahamishiwa huko, mitambo inayoelekeza data, yaani ruta, lazima kwanza ijue kwamba njia ya zamani imekufa. Kujua huko ndiko kunakotutoa jasho darasani tunapofundisha algoriti, yaani hatua za hesabu, za mitandao ya kompyuta.

Kutafuta njia fupi si kazi kubwa. Mholanzi Edsger Dijkstra alibuni hatua zake mwaka 1956, akiwa amekaa mgahawani Amsterdam na mchumba wake, kwa dakika kama 20 na bila karatasi wala kalamu. Alizichapisha mwaka 1959. Chora ramani ya Mwanza hadi Sengerema: ama unavuka kwa kivuko cha Kamanga, ama unapitia Usagara, Kigongo na Busisi. Kila kipande kiandikie dakika zake. Anzia mjini, chagua kituo cha karibu zaidi ambacho hujakifunga, kifunge (yaani dakika zake hazitabadilika tena), rekebisha dakika za majirani zake, kisha rudia mpaka Sengerema ifungwe. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, ubaoni ilibidi kufuta namba moja tu, ile ya Kigongo kwenda Busisi, na kupiga hesabu upya.

Tatizo ni kwamba Dijkstra anataka uwe na ramani nzima, na ruta inapowashwa inawajua majirani zake tu. ARPANET, mtandao wa Marekani ulioanza mwaka 1969, ulitumia njia ya kuulizana: jirani anakwambia yuko umbali gani na mji fulani, wewe unajumlisha umbali wa kumfikia yeye. Ni hesabu inayobeba majina ya Bellman na Ford. Njia zikiwa nzima, haina shida.

Sasa twende Ukerewe kwa barabara, na tuchukulie kila kituo ni ruta. Unatoka Bunda, unafika Kisorya, unavuka hadi Rugezi. Kwa hatua, Kisorya iko 1 kutoka Ukerewe, Bunda iko 2. Kivuko kinasimama. Kisorya imeona, lakini kabla haijatoa taarifa, Bunda inapitisha tangazo lake la kawaida: mimi nafika Ukerewe kwa hatua 2. Kisorya haijui kwamba njia hiyo ya Bunda inapita kwake yenyewe. Inapiga hesabu: nikipitia Bunda ni 3. Bunda inasikia 3, inaandika 4. Kisorya 5, Bunda 6. Muda wote huo pakiti, yaani kifurushi cha data, ya kwenda Ukerewe inatumwa Bunda, inarudishwa Kisorya, inatumwa tena Bunda, hadi idadi ya hatua iliyoruhusiwa iishe na itupwe.

Itifaki ya RIP, yaani kanuni za ruta kuulizana kwa mtindo huu, iliyoandikwa rasmi mwaka 1988, inakata ubishi kwa amri kavu: hatua 16 maana yake hakufikiki. Dawa nyingine ni kutomrudishia jirani habari uliyoipata kwake. Kwa ruta mbili inaponya. Ongeza ya tatu iliyoungana na zote mbili, uvumi unapata mlango mwingine wa kurudia. Hili nawalazimisha wanafunzi walifanye kwa kalamu, na wananung'unika, maana wengi wanataka washike ruta wakariri amri za kuipangilia. Amri ziko kwenye mwongozo wa mtengenezaji. Kwa nini mtandao unadanganyana, humo hamna.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 ARPANET iliachana na uvumi huo wa kuulizana majirani. Kila ruta ikawa inatangaza hali ya njia zake kwa mtandao mzima, kisha kila moja inajichorea ramani na kumtumia Dijkstra. OSPF, itifaki ya ruta za leo, ni ya ukoo huo. Hata hapo foleni za data, zilizohesabiwa kwenye urefu wa njia, zikaleta balaa jingine: wote wakisikia Kamanga kweupe wanakimbilia Kamanga, Kigongo kunabaki kweupe, kesho wanageuka. Marekebisho yalikuja mwaka 1987.

Upande wa utafiti, ziwa letu lina swali ambalo miji mikubwa haina. Mtumbwi ukiwa mbali na mnara wa simu, hakuna njia ya kutafuta kabisa. Mwaka 2000 Vahdat na Becker wa Marekani walipendekeza kila kifaa kihifadhi ujumbe na kunakilisha kwa kila kifaa kinachokutana nacho, mpaka nakala moja ifike. Simu inajaa haraka kwa mtindo huo, kwa hiyo lazima uamue ujumbe upi utupwe. Hapo mvuvi wa dagaa anatusaidia, kwa sababu anatoka na taa usiku wa giza na kupumzika wakati wa mbalamwezi. Mikutano ya mitumbwi inaweza kukadiriwa. Mwanafunzi anayetafuta mradi wa mwaka wa mwisho aanze na hili: algoriti iliyopewa kalenda ya mwezi itapunguza nakala kwa kiasi gani, na ujumbe wa kuomba msaada wakati wa dhoruba utapewa nafasi gani simu ikiwa imejaa?